Risasi Isiyo na Ganda

Ibra, mwaka 2024

Jumatatu, 13 Mei
Kole la kwanza la naghal, tende zinazotangulia kuiva, limeanza kugeuka rangi, kwenye mtende ule wa karibu na mlango wa shamba. Basi na mie nafungua daftari, kama nnavyofanya kila mwaka tangu nilipostaafu ualimu: kutoka tende ya kwanza kuiva mpaka kole la mwisho kukatwa. Joto nyuzi 41. Baba Shurooq kasema 41 na nusu. Miaka arobaini na tano ya ndoa, nshajua kuwa nusu ile haibishiwi.

Alhamisi, 16 Mei
Binti yetu Shurooq kaja kutoka Nizwa, anakosomesha uhandisi chuoni. Mwezi wa saba atakuwa na darasa la kiangazi, na somo moja ni jinsi risasi zilivyobadilika tangu zamani. Kamjia babake, kwa sababu babake alikuwa fundi wa silaha kambini miaka kumi na saba.

Soud, mume wangu, kaiteremsha ukutani bunduki ya fatila ya babu yake, kaiweka juu ya mkeka wa majlis, chumba chetu cha wageni.

"Hii ina ganda?" kamuuliza mwanawe.

"Haina, Baba."

"Haina. Baruti unamimina, gololi unasukuma, moto unatia kwa utambi. Kisha watu wakaifunga baruti kwa karatasi. Kisha ndiyo likaja ganda la shaba: baruti ndani, risasi mbele, fataki nyuma. Ukipiga, ganda linaruka nje. Watu walilitafuta ganda hilo miaka na miaka, na walipolipata, wakaja wengine wakataka kulitupa."

"Kwa nini walitupe?"

"Zito, mwanangu. Askari anabeba shaba mgongoni kutwa, kisha anaimwaga mchangani. Wakasema, hebu tuigandishe baruti yenyewe iwe ngumu kama kipande cha sabuni, risasi tuizamishe humo humo. Ikipigwa, kila kitu kiungue, kisibaki kitu. Bunduki haina cha kutema, na askari anabeba risasi mara mbili."

"Wazo zuri."

"Zuri sana. Nimelishika kwa mikono yangu hii."

Hapo nikainuka nikaenda jikoni. Hadithi ikifika hapo, mie huwa na kazi jikoni.

Jumapili, 19 Mei
Upepo wa gharbi, ule wa moto utokao magharibi, kutwa. Vumbi mpaka ndani ya mitungi.

Ijumaa, 24 Mei
Shurooq kanifuata shamba baada ya sala. "Mama, Baba kaniambia nusu ya hadithi. Nusu nyengine kasema nikuulize wewe. Kwa nini?"

Sikumjibu. Lakini hapa ntaandika, maana daftari halinikodolei macho.

Mwaka 1987 ilikuja kampuni moja ya Ulaya kuijaribu bunduki yao ya risasi zisizo na ganda. Walitaka joto, na joto tunalo. Wakapiga mahema mchangani, mbele ya Al Mintirib. Soud akawekwa kuwa fundi wao wa hapa. Kaka yangu Marhoun, ambaye ndiye mkubwa wangu na ndiye aliyemleta Soud nyumbani kwetu kuniposa, akawa anaendesha gari na kupanga shabaha. Walikuwa hawaachani wale wawili. Wameanza pamoja Unguja, madrasa moja, kabla hatujahamia huku.

Tarehe 22 Julai bunduki ilikuwa imefungwa juu ya kiweko chake cha chuma, imeshapiga sana. Ikaamriwa isimame. Marhoun akaenda kubadilisha shabaha. Bunduki ikalia. Kaka yangu akapotewa na vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Ripoti ya kampuni ilisema fundi aligusa triga. Soud alisema neno moja tu, "Sikugusa," na hajalirudia mpaka leo. Akatolewa kwenye silaha akapelekwa stoo kuhesabu mablanketi. Marhoun alisomewa ripoti hospitalini. Alipotoka akahamia Sur, na tangu siku ile hajavuka kizingiti chetu. Miaka thelathini na saba. Wazee wetu wamezikwa, wao wamesimama pande mbili za kaburi.

Na mie? Mie nilimwambia mume wangu, "Nakuamini." Nilimwambia kwa ulimi.

Jumamosi, 1 Juni
Nyuzi 45. Naghal zimekwisha kukatwa. Tamu mwaka huu, lakini ndogo.

Alhamisi, 6 Juni
Shurooq kaja tena. Babake kampa daftari lake la mwaka ule. Sikujua kama bado lipo. Lilikuwa ndani ya sanduku la vifaa vyake, limefungwa kwa kitambaa cha kanga yangu ya zamani.

Kurasa zote namba. Saa, joto la hewa, risasi ngapi zimepigwa, joto la mtutu, joto la chemba pale risasi inapokaa. Mstari baada ya mstari, penseli iliyochongwa vizuri. Shurooq kalisoma mpaka chai ikapoa.

"Baba, hapa tarehe kumi na nane umeandika nini?"

"Soma."

Akasoma: "Leo nimewaambia tena. Ganda la shaba likitoka linatoka na joto lake. Hii haina ganda, joto lote linabaki chemba. Chemba ikifika joto hili, risasi isiachwe ndani hata kidogo. Wamecheka."

"Siku nne kabla ya ajali ya mjomba," akasema Shurooq.

"Ganda ni kama mgeni mwenye adabu," Soud akasema. "Akiondoka, anaondoka na taka zake. Wale walimfukuza mgeni wakasahau nani atafagia."

Akacheka mwenyewe. Mie sikuweza kucheka.

Jumatatu, 17 Juni
Idi. Tumesali, tumechinja. Nimempigia Marhoun simu, kama kila Idi. Kauliza hali yangu, ya Shurooq, ya mitende. Hakumuulizia Soud. Soud alikuwa kakaa mkono wangu wa kulia, anasikia.

Jumapili, 23 Juni
Mabsali, tende zetu za kuchemsha, zimekuwa njano kama dhahabu. Kesho kutwa tunawasha moto.

Jumanne, 25 Juni
Tumechemsha. Masufuria mawili ya shaba, moto tangu alfajiri, tende zinapikwa mbichi na njano yake, kisha zinaanikwa mchangani mpaka zikauke. Soud hamwachii mtu sufuria. Anainama, anasikiliza povu, anasema "bado," anasema "sasa." Zamani nikiona ni ukaidi. Leo nimemtazama nikafikiri: huyu mtu maisha yake yote anasikiliza joto.

Ijumaa, 28 Juni
Nyuzi 47 (na nusu).

Jumatano, 3 Julai
Shurooq kapiga simu saa nne asubuhi, wakati ana darasa. Nikajua pana jambo.

"Mama, umekaa?"

Nikakaa.

Kasema alikuwa anatafuta maandishi ya somo lake, akaipata makala moja ya mwaka 1994. Mwandishi wake ni mhandisi aliyekuwa mkubwa wa majaribio yale ya mchangani. Kampuni ilikuwa imeshaiacha bunduki ile, na yeye ameshatoka kwao. Makala inaeleza jinsi walivyohangaika na joto: risasi isiyo na ganda ikikaa ndani ya chemba ya moto inajiripua yenyewe, wala haingoji mtu. Basi wakabadilisha baruti, wakatafuta nyengine inayostahimili joto kubwa zaidi kabla ya kushika moto. Na ndani yake pana jedwali.

"Tarehe 22 Julai 1987," Shurooq akasoma, akinifasiria maneno polepole. "Silaha juu ya kiweko. Risasi moja imebaki ndani ya chemba. Imejipiga yenyewe. Hapana mtu aliyeigusa."

Nikasema, "Soma tena."

Kasoma tena.

"Na Mama, namba zilizomo jedwalini ni za Baba. Nimezilinganisha na daftari, mstari kwa mstari. Joto walilojengea baruti mpya ni joto alilopima Baba. Chini wameandika: vipimo vilichukuliwa na fundi mmoja wa hapo." Akarudia: "Fundi mmoja wa hapo! Hawakuweza kuandika jina?"

Alhamisi, 4 Julai
Shurooq kaja na karatasi. Babake kavaa miwani, kaisoma yote, kamusi mkononi. Nilingoja ahamaki. Nilingoja alie. Alipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo walibadilisha baruti. Hasa. Mie nilifikiri wataongeza chuma, lakini kumbe baruti. Ndivyo." Uso wake ukang'ara kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu aliyoianza ujanani.

"Baba, walikuzulia!" Shurooq akasema. "Walijua, wakanyamaza!"

"Walijua baadaye. Kisha wakanyamaza. Hayo ni yao, watayajibu kwa Mola wao. Hizi namba ni zangu."

"Twende Sur tukamwonyeshe mjomba."

"Miye siendi." Kavua miwani. "Nilimwambia siku ile ile. Neno langu lilikuwa zima, halikupungua kitu. Sibishi hodi kwa mtu nina karatasi ya Mzungu mkononi, kunitolea ushahidi."

Jumapili, 7 Julai
Sikuandika siku mbili. Leo ntaandika yote.

Baada ya chai ya asubuhi tulikuwa tunageuza tende pale zilipoanikwa. Yeye mstari ule, mie mstari huu. Jua lilikuwa bado chini. Nikasema, "Baba Shurooq, nna neno."

"Sema."

"Mie sikukuamini."

Hakusimama. Aliendelea kugeuza tende.

"Nilisema nakuamini, lakini moyoni nikisema, labda aliteleza mkono, labda anaona haya. Yule ni kaka yangu, niliiona damu yake. Miaka yote hii nimelala pembeni yako na labda hiyo."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu mwaka ule. Kwanza ulikuwa ukiniuliza: ilikuwaje, ulisimama wapi, nani alikuwepo. Kisha siku moja ukaacha kuuliza. Mtu anayeamini huuliza, anataka ajue zaidi. Anayeacha kuuliza keshajijibu."

Nilikaa chini, palepale mchangani, sikujali joto. Nikamwambia, "Na wewe ukakaa na mwanamke asiyekuamini?"

"Ningekwenda wapi? Ulikuwa unanipikia, unanisitiri, unanilelea mwanangu. Nikasema, huyu hakunitupa na hali haniamini. Angeniamini tu akabaki, ingekuwa rahisi. Wewe ulibaki kwa taabu." Kisha akanipa mkono nikainuka. "Pangusa nguo, Balqis. Tende hizi hazitajigeuza."

Hajawahi kuniita jina langu mbele ya mitende. Daima mie ni Mama Shurooq. Nikageuza tende zile mpaka mstari ukaisha, na machozi yangu na jasho langu sikuyatofautisha. Nilimwomba radhi. Akanipa. Sasa nnaiona fahari ile niliyokuwa nikiiita ukaidi. Mtu aliyesema kweli mara moja, akaingoja miaka thelathini na saba bila kupaza sauti. Na mie mke wake.

Jumatatu, 8 Julai
Nimemwambia Soud: "Wewe usiende Sur. Ntakwenda mie, kwa deni langu mwenyewe." Hakunikataza.

Jumatano, 10 Julai
Sur. Shurooq ndiye aliyeendesha. Bahari ilikuwa nyeupe kwa joto.

Wifi yangu Fawziya, mke wa Marhoun, kafungua mlango akapiga yowe la furaha. Kaka yangu alikuwa barazani, kazeeka kuliko nilivyomwona mara ya mwisho. Nikambusu mkono, ule wa vidole vitatu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini? Kafa mtu?"

"Hakufa mtu. Sikiliza tu."

Shurooq akamsomea, kwanza ripoti ya zamani, ambayo Marhoun aliihifadhi ndani ya bahasha, kisha makala. Kisha daftari la Soud, tarehe kumi na nane. Marhoun alikuwa anatazama sakafu. Fawziya kashika mdomo.

Nilidhani atasema alhamdulillahi. Akasema, "Karatasi hii kaiandika nani?"

"Mhandisi wao, mjomba."

"Mzungu. Na ile ya kwanza?"

"Kampuni yao."

"Wazungu. Ile ya kwanza niliiamini mara moja. Mtu niliyelala naye mkeka mmoja madrasa, tukala sahani moja, kaniambia 'Sikugusa,' na mie nikaenda kuiamini karatasi ya watu nisiowajua hata majina. Leo mnaniletea karatasi nyengine mnataka niamini kwa sababu hii ni nzuri?"

"Kaka, hii ni kweli."

"Najua ni kweli! Hilo ndilo linaloniuma." Sauti yake ilipanda mpaka mtaani. "Balqis, chukua karatasi zako. Sitakwenda kwa Soud kwa ajili ya karatasi. Nikenda, ntakwenda kwa ajili ya Soud. Sasa niacheni."

Tukaondoka hata chai hatukumaliza. Njiani Shurooq akasema, "Mama, wote wawili wagumu sawasawa." Nikamwambia ndiyo maana walikuwa marafiki.

Jumamosi, 13 Julai
Sijamwambia Soud alichosema Marhoun. Hakuniuliza. Kaniuliza tu, "Bado anakunywa kahawa bila tende?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Jumanne, 16 Julai
Nyuzi 48. Hata ndege hawaonekani.

Alhamisi, 18 Julai
Shurooq kamwomba babake asomeshe yeye somo lile Nizwa, tarehe 24. Kakataa. Saa moja baadaye nimemkuta anapiga pasi dishdasha, ile kanzu yake ya kutokea.

Jumatano, 24 Julai
Nimechoka, lakini lazima niandike leo.

Darasa lilikuwa limejaa, wanafunzi kama sitini, wasichana wengi. Soud kapanda mbele na kilemba chake cha Idi, ile bunduki ya fatila kaiweka mezani, na pembeni yake ganda tupu la shaba. Kasomesha kwa Kiarabu saa nzima. Sikupata kumwona hivi. Mie nimesomesha miaka thelathini, najua darasa likishikwa. Aliwashika. Akawaeleza fatila, karatasi, shaba, na kisha baruti iliyogandishwa. Akawaeleza kwamba bunduki zile hazijaenea mpaka leo, na sababu si kwamba wazo lilikuwa baya. "Kila ukiondoa kitu," akawaambia, "uliza kwanza kilikuwa kinafanya kazi gani ambayo hukuiona."

Msichana mmoja kainua mkono. "Mzee, wewe uliachaje kazi ya silaha?"

Shurooq kashtuka. Soud angeweza kusema yote pale, ana haki, ana karatasi. Akasema, "Ilitokea ajali. Aliumia mtu ninayempenda. Baada ya hapo nilihamishwa."

Basi. Hayo tu.

Na hapo, mstari wa nyuma kabisa, nikamwona mtu anainuka kwa fimbo. Marhoun. Kumbe Shurooq alikuwa kamwambia Fawziya siku ya somo; sijui aliingia saa ngapi. Katoka Sur peke yake kwa gari lake, umri ule, joto lile.

"Aliyeumia ni mimi," akasema kwa Kiarabu. Akataka kuendelea, Kiarabu kikamwishia, ikamtoka lugha yetu. "Na huyu bwana hakugusa triga. Nilikuwa nimempa mgongo, sikuona kitu. Lakini nilikuwa namjua. Niliacha kile ninachokijua, nikafuata nilichosomewa. Soud, nimekuja kusema mbele za watu, kwa sababu nilikukosea mbele za watu."

Wanafunzi walikuwa wanatazamana. Lakini kulikuwa na wanne watano waliotoka nyumba kama zetu, waliosikia Kiswahili kwa bibi zao, nao wakaanza kuwafasiria wenzao kwa kunong'ona, na maneno yakawa yanakwenda mstari mpaka mstari mpaka yakalienea darasa lote.

Soud kashuka. Hakuharakisha. Kafika kwa Marhoun, kamtazama.

"Umechelewa, yakhe," akasema. "Somo limeanza saa tatu."

"Nilipotea njia."

"Najua. Kaa basi mbele, huko nyuma husikii."

Akamshika mkono akampeleka mpaka kiti cha mbele, karibu yangu, kisha akarudi mezani akamaliza somo lake. Dakika kumi zilizobaki zote alizimaliza. Hakuruka kitu. Na mie nimekaa baina ya kaka yangu anayelia na mume wangu anayesomesha, nikasema moyoni: Mola wangu, umenipa watu.

Ijumaa, 26 Julai
Marhoun yupo kwetu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili ya kusaga. Wamekula sahani moja. Sikula, nilikuwa nnawatazama.

Jumamosi, 27 Julai
Wamegombana tangu asubuhi ni nani aliyeanguka kisimani madrasa mwaka 1961. Kila mmoja anasema ni mwenziwe.

Jumapili, 4 Agosti
Fawziya naye kaja kutoka Sur. Makole ya mwisho tumekata leo, sote wanne na Shurooq.

Shurooq kaleta kitabu cha darasa lake, kimetoka kupigwa chapa chuoni. Ukurasa wa arobaini pana jedwali lote, na juu yake kwa herufi nene: Vipimo vya Soud bin Hafidh, fundi wa silaha, Ibra. Marhoun ndiye aliyelisoma kwa sauti, mara mbili, kisha akampa mwenyewe.

Soud kasoma, kidole kinafuata mistari. Nilidhani atasema ahsante. Akasema, "Hapa mstari wa tisa, mmeandika 163. Ni 164."

"Baba, nyuzi moja si kitu."

"Nyuzi moja ni kitu," akasema Marhoun kabla yake.

Shurooq kafungua mkoba, katoa kalamu, akaandika hapo hapo mbele yetu: 164. Babake kakichukua kitabu, kakitazama, kakifunga. "Sasa ni changu," akasema.